SOMO LA KIKUNDI: Chai ya Unga ya Wajapani, Tuijue Kabla ya Kuinunua au Kuiuza



Somo la mara hii limetokana na barua. Kikundi kimoja cha akina mama kutoka sehemu za majani chai kilituandikia kikiomba shauri. Jina lao hatutalitaja, maana wenyewe wameomba hivyo. Walisema bwana mmoja alifika kwenye mkutano wao akiwa na kikopo kidogo cha unga wa kijani. Akawaambia unga ule ni chai ya Kijapani, inaitwa macha, na kwamba huko mijini watu hulipa kikombe kimoja pesa nyingi kuliko zile mkulima anazopata kwa kilo kadhaa za majani mabichi. Kisha akasema, "Ninyi chai mnayo mlangoni. Kausheni majani, sageni kwenye mashine ya posho, mimi nitanunua yote." Lakini kwanza kila mwanachama atoe pesa ya mafunzo na pesa ya pakiti.

Kikundi kilikuwa na akiba ya miaka miwili, iliyowekwa kwa ajili ya tangi la maji. Wengine walitaka itolewe. Wengine wakakataa kabisa. Mkutano ukaisha kwa kelele. Ndipo mwenyekiti akasema, "Kuuliza si ujinga. Tuwaandikie wale watu wa gazeti."

Kusema kweli, hata sisi hatukuijua macha. Kwa hiyo hatukuwajibu siku hiyo. Tulisoma, tukauliza wanaofahamu, tukapata kikopo cha macha halisi kutoka Japani na kuitengeneza kwenye jiko letu la kawaida. Tukajaribu pia kusaga majani sisi wenyewe, tuone. Haya ndiyo tuliyojifunza. Karani asome kwa sauti, pole pole, na mwisho wa kila sehemu asimame kidogo ili watu waulize.

1. MACHA NI NINI HASA?

Jambo la kwanza: macha inatoka kwa mti ule ule mnaouchuma ninyi. Si mti mwingine wa ajabu. Chai nyeusi, chai ya kijani na macha, zote ni majani ya mchai. Tofauti ni yale yanayofanywa baada ya kuchuma na, kwa macha, hata kabla ya kuchuma.

Mnajua majani yenu yakifika kiwandani hunyaushwa, hukatwakatwa, kisha huachwa kwa muda yapate hewa. Hapo ndipo hugeuka rangi yakawa kama shaba, na yakikaushwa yanakuwa meusi. Ni kama kiazi kilichomenywa kinavyogeuka rangi kikiachwa kwenye sahani. Wajapani huzuia kugeuka huko. Mara tu baada ya kuchuma, majani hupitishwa kwenye mvuke wa maji moto kwa sekunde 15 hadi 20 hivi. Mvuke unaua ile nguvu iliyo ndani ya jani inayoleta weusi, na jani linabaki kijani.

Jambo la pili ni jina. "Cha" kwa Kijapani ni chai. Kumbe sisi na wao tunatumia neno lenye asili moja! Lilitoka China. Upande mmoja likaingia Japani likabaki "cha". Upande mwingine likapita Uajemi na India mpaka likatufikia sisi likiwa "chai". Na "ma" ni kusugua au kusaga. Kwa hiyo macha ni chai iliyosagwa, basi. Kwenye vikopo utaikuta imeandikwa "matcha".

Jambo la tatu ndilo la kushika. Chai yetu tunaichemsha, tunaichuja, majani tunayatupa. Macha haichujwi. Unga wote hunywewa. Kila kilichokuwa ndani ya jani, na kila kilichokuwa juu ya jani, kinaingia tumboni. Karibu kila jambo katika somo hili linatokana na hilo moja.

2. ILITOKA WAPI?

Kunywa chai ya unga kulianza China. Mwaka 1191 mtawa mmoja wa Kibudha wa Japani, jina lake Eisai, alirudi kwao kutoka China, na inasemekana alileta mbegu za mchai pamoja na desturi hiyo. Mwaka 1211 aliandika kitabu kuhusu chai na afya. Imeandikwa tena kwamba mwaka 1214 mtawala Minamoto no Sanetomo aliamka akijisikia vibaya kwa sababu ya pombe aliyokunywa usiku. Eisai akampelekea bakuli la chai, na kitabu chake pia. Mnaona basi, kuisifu chai kuwa dawa hakukuanza jana.

China yenyewe iliacha chai ya unga baadaye. Mwaka 1391 mfalme Hongwu aliamuru chai aliyoletewa kama kodi iwe ya majani yaliyo huru, si mabonge yaliyoshindiliwa. Desturi ya kuloweka majani ikaenea. Japani ikashika ile ya zamani, na mji wa Uji, karibu na Kyoto, ukapata sifa kwa chai yake mpaka leo.

Mtu anayekumbukwa kuliko wote katika desturi hii ni Sen no Rikyu, aliyeishi mwaka 1522 hadi 1591. Wakati wake matajiri walishindana kwa vyombo vya bei kubwa kutoka ng'ambo. Yeye akapendelea bakuli la udongo lililofinyangwa kwa mkono, vyombo vya mwanzi na chumba kidogo. Mlango wa chumba cha namna hiyo ni mfupi sana, hata mgeni lazima apige magoti aingie akiinama. Askari mwenye cheo aliacha upanga wake nje. Mkiingia ndani, hakuna mkubwa.

Mafundisho ya chai huko Japani hujumlishwa kwa mambo manne: maelewano, heshima, usafi na utulivu. Tuliposoma hayo tuliangaliana. Hata mikutano yetu ingefaidika kama haya manne yangekuwepo wakati mweka hazina anasoma hesabu!

3. KAZI YA SHAMBANI ISIYOONEKANA KWENYE KIKOPO

Hapa wakulima wa chai wasikilize kwa makini.

Wiki tatu au nne kabla ya kuchuma, mkulima wa Japani hufunika shamba lake. Zamani walitumia matete na majani makavu ya mpunga. Siku hizi wengi hutumia kitambaa cheusi cha plastiki. Jani likikosa jua linaongeza rangi ya kijani, ukali unapungua, na inabaki ladha nono ambayo kidogo inafanana na supu. Lakini mti ulionyimwa jua unachoka, kwa hiyo unataka mbolea nyingi na mapumziko. Ile macha bora kabisa huchumwa kwa mkono, mara moja tu kwa mwaka, karibu na mwezi wa tano. Linganisheni na sisi tunaochuma mwaka mzima, kila baada ya wiki moja au mbili.

Baada ya mvuke, majani hukaushwa yakiwa yamenyooka bila kuviringishwa. Kisha vijiti na mishipa hutolewa. Inabaki nyama ya jani peke yake. Ndipo husagwa kwa mawe mawili ya itale yanayozungushwa pole pole. Kinu kimoja cha namna hiyo hutoa gramu 40 hivi kwa saa. Karani, piga hesabu: kupata kilo moja ni saa ngapi? Ni saa 25.

Kwa nini wasiharakishe? Kwa sababu jiwe likienda mbio linapata moto, na moto unaharibu rangi na harufu. Unga unaotoka ni laini kupita unga wa ngano. Ukiusugua kati ya vidole hausikii punje. Ni kweli siku hizi kuna viwanda vinavyotumia mashine za kasi, hasa kwa unga wa bei ya chini unaotiwa kwenye keki na aiskrimu. Lakini hata mashine hizo si mashine ya posho.

4. KUITAYARISHA NYUMBANI

Sasa twende jikoni. Kikopo chetu kilikuwa cha gramu 30. Bakuli moja linataka gramu 2, kwa hiyo kikopo kinatosha bakuli 15. Ukiambiwa bei ya kikopo, gawanya kwa 15 ujue unakunywa shilingi ngapi.

Vyombo. Wajapani hutumia bakuli pana, kijiko chembamba cha mwanzi, na kifaa cha kupigia chai kinachofanana na kijifagio. Kifaa hicho huchongwa kutoka kipande kimoja cha mwanzi, kikapasuliwa kuwa nyuzi 80 au 100 au zaidi. Mafundi wake mashuhuri wako Takayama, katika mkoa wa Nara. Sisi hatukuwa nacho. Tulitumia bakuli la uji, kijiko cha chai, kichungi cha chai kilicho kikavu kabisa, na waya ya kupigia mayai. Mama mmoja alijaribu kile kijiti cha kupekechea mboga, nacho kilifanya kazi vizuri. Lakini kiwe kipya. Cha zamani kitakupa chai yenye harufu ya kunde.

Hatua zenyewe ni hizi:

(a) Chemsha maji safi mpaka yatokote. Usiruke hapa, maana maji lazima yauliwe vijidudu kwanza, hata kama yatapozwa.

(b) Poza maji kidogo. Maji yanayotokota yanaitoa macha ukali mwingi. Yanatakiwa digrii 80 hivi. Kama huna kipimo, chukua vikombe vinne vya maji yanayotokota uongeze kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa jana na kupoa. Ndugu zetu wa milimani, kwenye mita 2,000 juu ya bahari, maji yenu hutokota kwa digrii 93 hivi. Ya pwani hutokota kwa 100. Kwa hiyo huko juu mchanganyiko huu utakuwa chini ya 80 kidogo, na pwani utazidi 80 kidogo. Kote unafaa.

(c) Pasha bakuli kwa maji moto, yamwage, kisha lipanguse kwa kitambaa safi mpaka likauke. Kama una kile kifaa cha mwanzi, kiloweke kwanza kwenye maji moto ili nyuzi zilainike zisikatike.

(d) Chekecha kijiko kimoja cha chai cha unga, kikiwa sawasawa bila kilima, kupitia kichungi mpaka ndani ya bakuli. Mara ya kwanza tuliona hii ni kazi bure, tukaiacha. Tukapata chai yenye madonge. Unga laini namna hii hushikana, na ukishashikana maji hayauachanishi.

(e) Tia maji kidogo, kama vijiko viwili vya chai, ukoroge mpaka uwe kama uji mzito. Kisha ongeza maji yaliyobaki. Maji yote pamoja ni mililita 70 hivi, yaani robo kikombe na kidogo zaidi. Msishangae uchache wake. Hii si chai ya kujaza kikombe.

(f) Piga haraka haraka kwa kiungo cha mkono, mbele na nyuma, kama unayeandika herufi M. Usizungushe kama ugali, na usikwaruze chini ya bakuli. Baada ya sekunde 15 au 20 povu la kijani litafunika juu. Inua kifaa taratibu.

(g) Inywe papo hapo, maana unga huanza kuzama. Haitiwi sukari wala maziwa. Wajapani humpa mgeni kitu kitamu kidogo ale kwanza, halafu ndipo chai. Sisi tulikula kipande cha ndizi iliyoiva, na ilifaa sana.

Hiyo ndiyo macha nyepesi, ya kila siku. Iko nyingine nzito: unga mara mbili, gramu 4, na maji karibu nusu ya yale ya kwanza. Hiyo haipigwi, hukandwa taratibu mpaka iwe kama rangi ya ukuta, na wageni hupokezana bakuli moja. Hutakiwa unga wa daraja la juu, la sivyo ukali wake hauvumiliki.

Ladha je? Harufu yake ni kama nepia iliyokatwa asubuhi. Ladha inaanza na ukali, kisha inaacha utamu nyuma ya ulimi. Tulikuwa watu wanne. Wawili walisema wangekunywa tena. Wawili waliuliza, "Sasa chai yenyewe inakuja saa ngapi?" wakarudi kwa chai ya maziwa. Hakuna kosa hapo.

Ukishafungua kikopo, kifunge vizuri na kukiweka mahali pa baridi pasipo mwanga. Usikiweke karibu na mafuta ya taa, sabuni, samaki au moshi. Chai hunyonya harufu upesi. Unga ukianza kuwa na rangi ya manjano au ya udongo, ubora umekwisha.

5. TULIPOSAGA WENYEWE

Jirani mmoja alituruhusu tuchume kwake majani mawili na chipukizi. Mara ya kwanza tukafuata maneno ya yule bwana: tuliyakausha juani siku mbili. Kabla hata ya kukauka yalishageuka kahawia. Sababu mnaijua sasa: hayakupata mvuke. Tulipoyatwanga tukapata unga wa rangi ya ugoro.

Mara ya pili tulianza kwa mvuke, tukayakausha kwenye sufuria kavu juu ya moto mdogo sana. Rangi ilikuwa afadhali, kijani cha kufifia. Tukayatwanga kwa kinu, tukachekecha mara tatu. Tukapiga na maji kama tulivyofundisha hapo juu. Povu lilikuwa kidogo, unga ukazama chini kama tope, na ukali ulikuwa wa kukunja uso. Ulikwaruza koo.

Tulitaka kujaribu mashine ya posho pia, lakini mwenye mashine alitukatalia, na alikuwa na haki. Alisema, "Chai yenu itakuwa na mahindi, na wateja wangu watakula ugali wenye chai." Tena mashine ile ina joto na vumbi. Kumbukeni lile la kushika: macha haichujwi. Vumbi, chenga za chuma, dawa iliyopuliziwa, vyote vinanywewa.

Mbona yetu haikufanana na ile ya kikopo? Shamba halikufunikwa. Kinu chetu si kile cha itale. Halafu miti yetu mingi hapa Kenya ni ya jamii ya Assam, yenye majani makubwa na nguvu nyingi, ndiyo maana inatoa chai nzito inayopendeza na maziwa. Ya Japani ni ya majani madogo, jamii nyingine ya mchai huo huo. Hatusemi chai nzuri ya unga haiwezi kutengenezwa Kenya. Tunasema haitengenezwi kwa kukausha juani na kupeleka kwenye posho.

Lakini hatukutoka mikono mitupu. Majani yale ya mvuke ambayo hatukuyasaga, tuliyatia maji ya moto, tukasubiri dakika mbili, tukachuja. Ilikuwa chai ya kijani safi, nyepesi! Hii kila mama anaweza kujaribu kwa matumizi ya nyumbani. Chuma machipukizi laini siku isiyo na mvua. Yaweke kwenye chekecheke juu ya sufuria ya maji yanayotokota, funika kwa dakika moja. Yatandaze haraka yapoe. Yakaushe kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukiyageuzageuza kwa mkono safi mpaka yavunjike ukiyabana. Hifadhi kwenye kopo kavu.

6. MANENO KUHUSU AFYA

Kwanza, ukinywa macha unakula jani zima, kwa hiyo unapata kafeini yake nayo. Usiinywe usiku kama unataka usingizi. Mama mjamzito apunguze, na watoto wadogo wasipewe.

Pili, chai yoyote, ya rangi, ya maziwa au macha, ikinywewa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga za majani. Kwa mama mjamzito au mtoto aliyepungukiwa damu, hili si jambo dogo. Kula kwanza, ukae kama saa moja, ndipo unywe chai. Hili peke yake, likishikwa na kila nyumba, lina faida kuliko kikopo chochote.

Tatu, akija mtu kukuambia macha inaponya kisukari, presha au saratani, usimwamini. Macha ni kinywaji. Aliyepewa dawa hospitalini aendelee na dawa yake.

7. JIBU LETU KWA AKINA MAMA

Mwaka 2024 macha ilitafutwa sana duniani, hata baadhi ya maduka ya Kyoto yakaweka kikomo cha vikopo ambavyo mteja mmoja angeweza kununua. Kitu kikiadimika namna hiyo, wakulima wengine hupata soko jipya, na wajanja nao hupata uwongo mpya. Tofauti utaijua kwa kuuliza. Tuliwaandikia akina mama wamwulize yule bwana mambo haya, mbele ya mkutano wote:

- Mnunuzi ni nani? Tuonyeshe barua yake, yenye kiasi, bei na siku ya kulipa.
- Kwa nini sisi tulipe kabla ya kuuza hata gramu moja?
- Kikopo ulichotuletea, hebu tukifungue tukipige na maji hapa. Kina rangi gani? Kuna sukari au rangi ya chakula ndani? Kimeandikwa nini, na kina alama ya Shirika la Viwango?
- Unga tutakaosaga utapimwa wapi kujua ni salama kuliwa?
- Mkataba wetu na kiwanda unaruhusu majani haya yaende kwingine?
- Kibali kiko wapi? Sheria ya Chai ya mwaka 2020 iliirudisha Bodi ya Chai ya Kenya, na kutengeneza chai ya kuuza kuna kanuni zake. Kupika kikombe nyumbani ni jambo moja; kuuza pakiti ni jambo lingine.

Tukaongeza: msikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kama biashara ni ya kweli, maswali hayataiua. Na pesa iliyowekwa kwa ajili ya tangi isiguswe bila mkutano mkuu kukubali na jambo hilo kuandikwa kwenye daftari.

Mkutano ulifanyika. Yule bwana alisikiliza maswali yote, akasema atarudi na barua ya mnunuzi. Mpaka tunapoandika haya hajarudi. Wanachama watatu bado wana uchungu. Wanasema tuliwapotezea bahati. Hatuwalaumu. Bonasi ikiwa ndogo, kila mlango unaonekana kama mlango wa kutokea. Lakini akiba bado iko benki, na fundi ameshapima mahali pa kuweka tangi.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Macha haichujwi. Taja mambo matatu ambayo mkulima na mpishi lazima wayaangalie kwa sababu hiyo.
2. Kinu kimoja cha mawe hutoa gramu 40 kwa saa. Kikifanya kazi saa 8 kwa siku, kitatoa gramu ngapi? Hizo ni bakuli ngapi?
3. Katika nyumba zenu, chai hunywewa saa ngapi: pamoja na chakula au baadaye? Mnaweza kubadilisha nini kwa ajili ya mama mjamzito?
4. Je, kikundi chenu kimewahi kutoa pesa kwa biashara msiyoijua? Ilikuwaje? Mlijifunza nini?
5. Maelewano, heshima, usafi, utulivu. Katika mikutano yenu ni lipi kati ya haya manne linalopungua zaidi?

Mkijaribu ile chai ya mvuke nyumbani, tuandikieni mtuambie ilikuwaje, hata kama iliungua. Yetu ya kwanza iliungua pia.